Mafuta ya Ndani ya Nyama na Ng'ombe wa Amukura

Ng'ombe huweka mafuta mahali panne: kuzunguka figo na matumbo, katikati ya msuli na msuli, chini ya ngozi, na mwisho kabisa ndani ya msuli wenyewe, baina ya nyuzi zake. Haya ya mwisho ndiyo yanayoonekana kama mistari myembamba myeupe kwenye pande la nyama, nayo huifanya nyama iwe laini na tamu mdomoni. Kwa Wagyu wa Japani yanaweza kupita asilimia 30 ya uzito wa mnofu wa mgongo. Kwa zebu wa pembe fupi anayefugwa Amukura, Busia na Malaba, magharibi mwa Kenya, ambaye huenda alivuta plau miaka kadhaa kabla ya kufikishwa buchani, huwa ni asilimia chache tu.

Seli ya mafuta haizaliwi ikiwa hivyo. Ndama akiwa bado tumboni, misuli yake ina seli changa ambazo baadhi hugeuka nyuzi za msuli, nyingine tishu ngumu zinazoshikilia nyuzi hizo, na nyingine seli za mafuta. Zile zinazoelekea kwenye mafuta huongozwa na protini zinazowasha jeni. C/EBP beta hutangulia, kisha huamsha PPAR gama, na hiyo ndiyo yenye kauli ya mwisho. Mwaka 1994, kundi la Bruce Spiegelman huko Boston lilionyesha kwamba seli za kawaida za tishu zikiingizwa PPAR gama hugeuka kuwa seli za mafuta. Ikishawaka, jeni za vimeng'enya vinavyounda mafuta na kuyahifadhi huanza kazi.

Kinachomhusu mfugaji zaidi ni wakati. Seli nyingi za mafuta ya ndani ya msuli huumbika kuanzia katikati ya mimba hadi ndama afikishe miezi minane hivi. Baada ya hapo, chakula kingi huzijaza seli zilizopo kuliko kuongeza nyingine. Ng'ombe jike aliyebeba mimba wakati wa kiangazi, malisho yakiwa yamekauka, anaweza kumzaa ndama ambaye hata akinenepeshwa vipi ukubwani hatakuwa na pa kutosha kuyaweka mafuta hayo.

Aina ya chakula nayo ina uzito wake. Vijidudu vya tumboni huchachusha nyasi, na asidi ya asetiki ndiyo inayotoka kwa wingi. Seli zilizo chini ya ngozi huitumia vizuri kutengeneza mafuta. Seli za ndani ya msuli hupenda zaidi glukosi, ambayo ini huitengeneza kutokana na asidi ya propioniki inayoongezeka ng'ombe akila nafaka. Zebu anayeishi kwa nyasi za kando ya njia na mabua ya mahindi hupata asidi hiyo kidogo sana.

Damu ya ng'ombe hawa pia imechunguzwa. Kuanzia mwaka 2007, mradi wa utafiti ulioitwa IDEAL ulifuatilia ndama 548 wa zebu katika eneo la Busia na jirani zake, tangu kuzaliwa hadi mwaka mmoja. Vipimo vya jeni vilionyesha kwamba takriban asilimia 84 ya asili yao ni zebu wa Asia, na asilimia 16 ni ng'ombe wa kale wa Afrika wasio na nundu. Jamii za zebu kwa jumla huweka mafuta machache ndani ya msuli kuliko Wagyu au Angus. Hata hivyo, kuzibebesha jeni lawama yote ni kosa, kwa maana mradi huohuo ulifichua jambo zito zaidi: ndama kama 16 katika kila 100 walikufa kabla ya kutimiza mwaka, na ndigana kali inayoletwa na kupe ndiyo iliyoongoza kwa kuua.

Anayenusurika naye hulipa gharama, na nagana inaonyesha jinsi anavyolipa. Mwaka 1980, Carol Rouzer na Anthony Cerami wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliwachunguza sungura walioambukizwa tripanosoma, jamii ya vimelea vya nagana ambavyo mbung'o huvisambaza kwa ng'ombe wa Busia. Sungura walikonda vibaya, ilhali damu yao ilikuwa imejaa mafuta. Kimeng'enya kinachoyatoa mafuta kwenye damu na kuyapeleka ndani ya seli kilikuwa kimepungua. Mwaka 1985 kundi la Cerami lilitenga protini iliyokizuia, inayotolewa na seli za kinga zinapopambana na maradhi, na ikabainika kuwa ni ileile TNF iliyokuwa ikifahamika katika utafiti wa saratani. TNF huidhoofisha PPAR gama na kuzisukuma seli za mafuta kuachia akiba zake. Kwa hiyo ng'ombe mwenye nagana ya muda mrefu anaweza kula na bado akakonda: mwili wenyewe umezuia mafuta yasiwekwe.

Mfugaji wa Amukura anayefikiria kununua mbegu ya fahali wa kigeni ili apate nyama nono aanze kwanza na ng'ombe alio nao. Amlishe mama aliye na mimba, amkinge ndama dhidi ya kupe, amchanje dhidi ya ndigana kali, na asichelewe kumtibu nagana. Bila hayo, mbegu ya bei ghali itazaa ndama atakayekonda vilevile.