Kompyuta Mpakato: Wepesi wa Kubeba na Urahisi wa Kutumia

Jina “mpakato” limetokana na kitenzi kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani. Ndani ya jina hilo mna ahadi mbili: ya kwanza, kwamba chombo hiki ni chepesi, ya pili, kwamba mtu aweza kukifanyia kazi popote alipo. Ahadi hizi hupingana, na anayenunua bila kulifahamu jambo hilo hulilipia kwa fedha, kwa mabega, au kwa macho yake. Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha mgongano huo na njia ya kuupima.

Mgongano wenyewe si mgeni. Mwaka 1981 ilitolewa huko Marekani kompyuta ya kubebwa iliyoitwa Osborne 1. Uzito wake ulikuwa kilo 11 hivi, kioo chake kilikuwa cha inchi 5 tu, na haikuwa na betri ndani yake. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya Epson ya Japani ilileta HX-20, yenye uzito wa kilo 1.6 hivi na betri yake yenyewe; lakini kioo chake kilionyesha mistari 4 tu, kila mmoja ukiwa na herufi 20. Ya kwanza ilimchosha mbebaji, ya pili ilimchosha msomaji. Siku hizi nyingi za kompyuta hizi zina uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 2.5. Tofauti imepungua, lakini swali limebaki lile lile.

Tuanze na kioo. Ukubwa wake hupimwa kwa ulalo, yaani kutoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Kipimo hiki hudanganya, kwa sababu jicho husoma eneo, si ulalo. Na eneo hubadilika kwa kadiri ya mraba wa ulalo. Kioo cha inchi 15.6 chenye uwiano wa 16 kwa 9 kina eneo la sentimeta za mraba 670 hivi; kile cha inchi 11.6 chenye uwiano huo huo kina 370 hivi. Ulalo umepungua kwa robo, lakini eneo limepungua kwa karibu nusu. Kibodi nayo hubanwa vivyo hivyo, ilhali vidole vya mtu havipungui.

Jambo la pili ni betri. Seli za lithiamu zinazotumika katika vyombo hivi huhifadhi takriban wati-saa 200 hadi 250 kwa kila kilo. Kwa hiyo betri ya wati-saa 50 huhitaji seli za robo kilo hivi. Kompyuta inayotumia wati 10 itafanya kazi kwa saa 5 kwa betri hiyo; inayotumia wati 25 itazimika baada ya saa 2. Mtengenezaji akipunguza betri ili kupunguza uzito, mwenye chombo hulazimika kubeba chaja kila siku, na baadhi ya chaja huzidi nusu kilo. Hivyo mashine nyepesi yaweza kuwa na mkoba mzito.

Jambo la tatu ni joto. Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta hugeuka kuwa joto. Umbo jembamba halina nafasi kubwa ya kupitisha hewa, na prosesa ikipata joto la kupita kiasi hupunguza kasi yake ili isiungue. Anayeandika barua hatatambua. Anayehariri filamu atatambua upesi.

Lakini ukubwa pekee hautibu kila kitu. Kibodi na kioo vimeungwa kwa bawaba: kibodi ikiwa kwenye kimo cha viwiko, kioo huwa chini mno na shingo huinama, kioo kikiinuliwa, mikono huning’inia. Nafuu ni kuiinua kompyuta juu ya vitabu pale mezani na kutumia kibodi ya pembeni.

Basi mtu achague vipi? Na alinganishe saa za kubeba na saa za kutumia. Mwalimu anayetembea nusu saa kwenda shuleni na nusu saa kurudi, kisha akaingiza alama kwa saa moja tu, anahitaji wepesi. Mwanafunzi anayeihamisha kompyuta yake mara mbili kwa muhula, lakini huisomea saa 6 kila siku, anahitaji kioo kikubwa. Akinunua iliyo nyembamba kwa sababu inapendeza, huenda amelipa zaidi ili apate kidogo, kwani kati ya mashine zenye uwezo sawa, nyepesi kwa kawaida huwa na bei kubwa. Dukani watu huinua kompyuta kwa mkono mara moja na kusema ni nyepesi. Lakini misuli huchoka kwa muda wa kubeba, si kwa kuinua mara moja.

Walimu wa fizikia waweza kulifanya jambo hili kuwa somo. Wanafunzi na watundike mikoba yao kwenye mizani ya springi, pamoja na madaftari, chaja na maji ya kunywa. Kilo 2.4 huvutwa na dunia kwa niutoni 24 hivi. Kisha kila mmoja aandike ni dakika ngapi hubeba mzigo huo, na ni dakika ngapi hukitumia kila kilichomo. Hesabu hiyo itamshauri vizuri kuliko tangazo lolote.