Kwa Nini Betri ya Simu Huvimba?

Watoto wa darasa la Jumamosi waliniuliza kwa nini simu ya zamani huvimba hadi kioo kikabanduka. Wazazi nao wasome, maana tangu ule mgao mkali wa umeme wa mwaka 2023, nyumba nyingi hapa Rosettenville zina betri kubwa ya inveta kwenye kona ya sebule.

Ndani ya betri ya lithiamu kuna pande mbili, chanya na hasi, na kati yake kuna majimaji yanayoitwa elektroliti. Sisi wauguzi neno hilo tunalijua: ni chumvi zilizoyeyuka, kama zile za dripu au za maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto anayeharisha. Ya betri nayo ina chumvi, ya lithiamu, ila haikuyeyushwa katika maji. Imeyeyushwa katika vimiminika vya jamii ya kabonati, ambavyo vinashika moto. Ioni za lithiamu huogelea humo: ukichaji huenda upande hasi, ukitumia simu hurudi.

Shida ni kwamba upande hasi, ambao mara nyingi ni wa grafiti, huivunjavunja elektroliti. Ikivunjika hutoa gesi, na kwa kuwa gesi haina pa kutokea, betri inavimba.

Ndiyo maana viwanda hutia viongezo. Kinachojulikana sana ni kabonati ya vinilini, na kiasi chake ni kidogo, mara nyingi asilimia 1 au 2 tu. Betri inapochajiwa kwa mara ya kwanza kabisa, kiongezo hicho huvunjika kabla ya vingine, na mabaki yake hushikamana juu ya grafiti kama ukoko unavyoshika sufuria. Utando huo hupitisha ioni lakini huzuia elektroni, kwa hiyo elektroliti haiendelei kuvunjika ovyo. Mimi huulinganisha na kigaga: damu inayoganda kwanza ndiyo inayozuia nyingine isimwagike.

Nchi hii nayo ina mkono wake humu. Michael Thackeray, mkemia wa Pretoria, alikwenda Oxford mwaka 1981 kufanya kazi na John Goodenough, nao wakaonyesha kwamba oksidi ya manganisi inafaa kuwa upande chanya. Kobalti, ambayo ndugu zetu wa Kolwezi wanaijua kwa jasho, ni ghali. Manganisi ni rahisi, na Afrika Kusini inaongoza duniani kwa kuichimba. Lakini betri ya manganisi ikipata joto, manganisi huanza kuyeyukia kwenye elektroliti. Unyevu kidogo tu ukiingia, ile chumvi ya lithiamu hutoa tindikali kali inayozidi kuila. Hapo hutiwa viongezo vya aina nyingine, vya kunasa tindikali.

Hata hivyo, utando una mpaka wake. Joto likifika kati ya nyuzi 80 na 120 za Selsiasi huanza kuvunjika, na betri huendelea kujipasha yenyewe. Kwa hiyo watoto, simu inayochajiwa haikai chini ya mto. Wazazi, tumieni chaja inayolingana na betri, na inveta isizibwe na nguo wala isiwekwe penye njia ya kutokea. Betri iliyovimba msiitoboe, msiichaji tena, wala msiitupe na taka za nyumbani. Ipelekeni panapokusanywa taka za umeme. Ikianza kutoa moshi, tokeni nje wote kwanza, kisha pigeni 112. Moshi ule una sumu, na mapafu ya mtoto ni madogo.

Kazi ya nyumbani: kuna wanaosema ukoko, kuna wanaosema utandu. Muulizeni bibi, kwao wanasemaje?