"Round" Ni Neno la Aina Gani?

"Kila neno la Kiingereza lina aina yake moja." Si kweli, na imani hii inawaponza wanafunzi wengi. Mtoto amekariri kwamba "water" ni nomino. Mtihani unamletea "They water the maize every evening", naye anaandika nomino bila hata kuisoma sentensi. Hapo watu wanamwagilia mahindi. Hicho ni kitenzi.

Tazama "round". Katika "a round table" ni kivumishi, katika "the final round" ni nomino. "The boats must round the island": kitenzi. "We sat round the fire": kihusishi. "The wheel goes round": kielezi. Herufi ni zile zile, kazi ni tano. Ndiyo maana swali la kichwa cha makala hii halijibiki kabla hujaiona sentensi. Wala si jambo geni kwetu: "kusoma" katika "kusoma kunachosha" kumesimama mahali pa nomino, kukatawala hata kiambishi cha kitenzi.

"Neno likiishia -ly ni kielezi." Mara nyingi ndivyo, lakini usiape. "Friendly" na "lonely" ni vivumishi, "family" ni nomino. Tena "hard" ni kielezi bila -ly: "she works hard" ni mchapakazi, ilhali "she hardly works" karibu hafanyi kazi kabisa.

"Usipojua maana, huwezi kutambua aina." Si kweli hata kidogo. Lewis Carroll, katika kitabu chake cha 1871, aliweka shairi la "Jabberwocky" lililojaa maneno ya kubuni, na bado msomaji huona lipi kitenzi, lipi nomino. Jaribu hii niliyoitunga: "The blick zottled my frem." "The" imetangulia "blick", basi ni nomino. "Zottled" ina -ed na imekaa baada ya mtenda: kitenzi. "Frem" imefuata "my": nomino.

"Aina ni nane." Hiyo ni jadi tu. Sarufi ya kale ya Kigiriki inayonasibishwa na Dionysius Thrax ilihesabu nane, lakini vivumishi vilikuwa ndani ya nomino. Leo wanaisimu wengi huyaweka "the", "this" na "my" katika kundi lao, vibainishi. Kwa hiyo kitabu kimoja kikisema "my" ni kivumishi na kingine kibainishi, usimhesabie mtoto kosa kabla hujauliza anatumia kipi.