Deni la Maji Maji: Maneno kwa Watu wa Iringa na Mbeya



Siku moja katika madrasa yetu hapa Iringa, baada ya darasa la alasiri kwisha, tuliwasikia watoto wakibishana mlangoni walipokuwa wakivaa viatu. Mmoja wao, mtoto wa Kihehe, alikuwa akijisifu kwa wenzake kuwa babu zake waliwapiga Wadachi pale Lugalo wakawanyang'anya bunduki. Mwenzake, ambaye wazazi wake wametoka upande wa Njombe, alinyamaza kitambo, kisha akamjibu: "Na kwetu wazee husema babu zenu walikuja na Wadachi wakachoma maghala yetu." Wa tatu, ambaye baba yake ni mkulima wa mpunga kule Usangu, akacheka. Yule wa Njombe akamgeukia: "Hata nyinyi mlikuwamo."

Tuliwanyamazisha wakaenda zao. Walakini usiku ule hatukulala vizuri, maana twajua ya kuwa mtoto yule hakusema uongo, na sisi tulimnyamazisha kwa sababu hatukuwa na jibu la kumpa.

Vita vya Lugalo havina mgeni hapa kwetu. Tarehe 17 Agosti 1891 askari wa Mtwa Mkwawa walilivizia jeshi la Kamanda Zelewski wakaliangamiza, naye mwenyewe akauawa. Mwisho wa Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ilivunjwa kwa mizinga, na Mkwawa akaishi porini akipigana mpaka tarehe 19 Julai 1898, alipojiua asipate kukamatwa. Hayo twayafundisha, na ni kweli. Tusiyoyafundisha ni yaliyotokea miaka saba tu baada ya hapo.

Mwishoni mwa Julai 1905, katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa, watu waling'oa pamba ya serikali. Tangu mwaka wa 1902 serikali ya Kidachi ilikuwa imeanza kuwalazimisha raia wa wilaya za pwani na kusini kulima pamba katika mashamba yaliyosimamiwa na majumbe, kwa ujira duni, hali mashamba yao wenyewe yakimezwa na magugu. Juu ya hayo palikuwa na kodi ya nyumba, na juu ya kodi palikuwa na kiboko cha akida. Mtu aliyeonewa hakuwa na mahali pa kupeleka shauri lake, kwa kuwa aliyemwonea ndiye aliyekuwa hakimu wake.

Ndipo alipotokea Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na dawa yake ya maji. Wadachi walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905, lakini maji yalikuwa yamekwisha kusambaa. Maji yale hayakuzuia risasi, na mwalimu wa dini hana budi kulisema hilo waziwazi. Hata hivyo, asiyeona ndani yake ila ushirikina atakuwa ameiona nusu ya habari. Makabila yaliyozoea kuviziana yalipata neno moja la kuapiana, na Waislamu na wasio Waislamu walisimama safu moja. Moto ukafika kwa Wangindo, ukafika Mahenge, ukapanda Ungoni mpaka Ubena. Mwezi wa Septemba Wabena wa Mbeyela waliishambulia misheni ya Kilutheri ya Yakobi, karibu na Njombe.

Hapo ndipo habari inapotuhusu sisi. Wahehe hawakunywa maji. Kapteni Nigmann, bwana mkubwa wa boma la Iringa, yule aliyekuja kuandika kitabu juu ya desturi za Wahehe mwaka wa 1908, alitoka na kikosi chake akaenda kuliokoa boma la Mahenge, na mikuki ya Kihehe ilitumika pamoja na bunduki zake katika vita vile. Wasangu wa Merere kadhalika walikuwa upande wa serikali, wakateremka juu ya Wabena. Wasaidizi wa namna hii aghalabu walilipwa kwa nyara: ng'ombe, mbuzi, chakula, na pengine wanawake na watoto.

Tusiwe wepesi wa kuwahukumu. Wahehe walikuwa wametoka katika vita vya miaka saba vilivyowaachia wajane na njaa, na mtu aliyeungua hurudi nyuma aonapo majivu. Wasangu nao walikuwa na yao. Zamani Mkwawa na baba yake waliwafukuza katika bonde lao wakakimbilia Usafwa, na mpaka leo jina la Utengule karibu na Mbeya lakumbusha uhamisho ule. Wadachi ndio waliowarudisha Usangu. Kwa Merere, Mdachi hakuwa mnyang'anyi bali mkono uliomrudishia nchi. Basi kila mmoja alikuwa na hoja yake, na hoja zote zilikutana juu ya ghala la Mbena.

Twasema ghala kwa makusudi, kwa sababu vita hivi havikumalizwa na bunduki. Baada ya miezi michache maofisa wa Kidachi waliona kwamba watu waliojitawanya msituni hawapatikani kwa bombomu, wakaandikiana kuwa njaa ndiyo itakayowashinda, naye Gavana Götzen akakubali. Vikosi vikapita vikichoma nyumba, vikibeba au kuteketeza nafaka, vikiharibu mazao yaliyosimama mashambani, na watu wakizuiwa kulima mpaka wajisalimishe. Sayyidna Abubakar alipopeleka jeshi Sham alikataza kuua wanawake, watoto na wazee, akakataza hata kukata mti uzaao matunda. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, mabwana waliojiita walimu wa ustaarabu walifanya shamba la mihogo kuwa adui wa vita.

Serikali ile ilihesabu wafu wake kwa uangalifu: Wazungu 15, na askari na wasaidizi wa Kiafrika 389. Kwa upande wa pili ilikadiria watu 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyewahoji wazee waliokuwako, aliona kuwa walikufa kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao hawakufa vitani bali kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Upangwa, ambako sasa ni Ludewa, yakisiwa kuwa waliokufa walikuwa wengi kuliko waliosalia. Kusini, palipokuwa na vijiji, tembo na ndorobo walirudi, na sehemu kubwa ya nchi ile ikaja kuwa pori la wanyama.

Je, nchi ilibadilika baada ya uasi ule? Ilibadilika. Götzen aliondoka mwaka wa 1906, akaja Gavana Rechenberg, mtu aliyejua Kiswahili na aliyeamini kuwa mkulima wa Kiafrika akiachwa alime na kuuza kwa hiari yake ataleta faida zaidi kuliko akichapwa. Mashamba ya pamba ya kulazimishwa yaliachwa. Mwaka wa 1907 iliundwa wizara ya makoloni huko Berlin, na waziri wake, Bwana Dernburg, alikuja mwenyewe mwaka ule ule kutazama mambo. Walowezi walimchukia Rechenberg kwa siasa yake, wakalia mpaka alipoondoka mwaka wa 1912.

Lakini tazameni kwa sababu gani mambo yalibadilika. Mtawala alifungua daftari lake akaona hasara: vita vimekula fedha, nguvu kazi imekufa, kodi haikusanyiki. Akapunguza mzigo kama mwenye punda anayeogopa punda asife njiani. Kiboko hakikufutwa katika sheria. Hakuna ofisa aliyeshtakiwa kwa njaa ile. Kule Songea wakubwa wa Kingoni kwa makumi walinyongwa Februari 1906, Nduna Songea Mbano naye hakusalimika, na hakuna aliyeuliza kama mahakama iliyowahukumu ilikuwa mahakama. Raia alipata nafuu, na nafuu si kitu cha kudharauliwa na mtu mwenye watoto wa kulisha. Haki ni jambo jingine. Nafuu hutolewa na mwenye nguvu apendapo, na huitwaa tena apendapo. Haki humpa mnyonge mahali pa kusimama amwambie mwenye nguvu, hapa umenidhulumu.

Mahali hapo palichukua muda mrefu kupatikana. Waingereza walipokuja baada ya vita vya 1914 walileta utaratibu wao, si kura ya raia. Baada ya vita vya pili Tanganyika iliwekwa chini ya Udhamini wa Umoja wa Mataifa mwaka wa 1946, na tarehe 10 Desemba 1948 likatolewa Tamko la Haki za Binadamu. Karatasi tu, wengine walisema. Lakini Wameru walipoondolewa katika ardhi yao mwaka wa 1951, mtu wao, Kirilo Japhet, alisafiri mwaka uliofuata mpaka New York akayasema mbele ya mataifa. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule, ila Mtanganyika alikuwa amesimama mbele ya mkubwa wake akamshtaki, na hakunyongwa. Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Twining alilileta Kalenga fuvu la Mkwawa, ambalo Mkataba wa Versailles ulikuwa umeagiza tangu 1919 lirudishwe, akamkabidhi Chifu Adam Sapi. Siku kumi na nane baadaye, tarehe 7 Julai, TANU iliundwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka wa 1956 aliwakumbusha vita vya Maji Maji, naye akachagua njia nyingine isiyokuwa ya mikuki.

Uhuru nao haukumaliza kazi, na mtu mkweli asifiche hilo. Mwaka wa 1962, kabla nchi haijatimiza miaka miwili ya kujitawala, ilitungwa sheria ya kumweka mtu kizuizini pasipo kumshtaki. Haki za raia ziliingizwa katika Katiba mwaka wa 1984 tu, zikaanza kudaiwa mahakamani mwezi wa Machi 1988. Toka pamba ya Umatumbi mpaka hapo ni miaka themanini na mitatu.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Bwana Steinmeier, alifika Songea. Alikutana na wajukuu wa Nduna Songea Mbano, ambao wanalitafuta fuvu la mzee wao, akasema anaona aibu, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda. Hapa mjini watu wengi waliyasikia katika redio. Wengine walisema yatosha. Wengine wakauliza fidia iko wapi. Sisi tuliona kwamba maneno yale yalikuwa mazito na yalichelewa, na kwamba msamaha wapaswa kufuatwa na jambo. Wanavyuoni wetu hutofautisha haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya mja. Aliyemkosea Mola wake atubie kwa Mola wake. Aliyemdhulumu mtu hana budi amrudishie au amwombe radhi, na mwenye haki akiwa amekufa, warithi wake wapo.

Tukiwa tunayasema hayo barazani kwa sauti kubwa, tukamkumbuka yule mtoto na viatu vyake mkononi.

Maana ikiwa haki ya mja haifi kwa kupita miaka, haifi kwa Mdachi peke yake. Dini yetu haimtwiki mjukuu dhambi ya babu, na hatusemi kijana wa Kihehe au wa Kisangu atembee ameinamisha kichwa. Ila mjukuu akirithi ng'ombe wa wizi na akajua, hawezi kusema sikuwapo siku ya kuiba. Sisi tumerithi hadithi yenye nusu iliyokatwa. Twajisifu kwa 1891 na twaifunga 1905, kisha twamdai Mjerumani akiri yote. Mbena naye, ambaye alikuwa jirani yetu kabla ya Mdachi kuja na ni jirani yetu baada ya Mdachi kuondoka, husikia sifa zetu kila mwaka na kukaa kimya kwa adabu.

Twajua watakaokasirika. Mzee mmoja tunayemheshimu alitwambia, "Mwalimu, unawasha moto uliozimika." Tulimjibu kwa upole ya kwamba mtoto wa miaka kumi ameukuta bado una joto. Akafikiri, akasema hata yeye aliyasikia kwa mama yake, na kwamba mama yake alikuwa na jamaa waliotoka Ubena, nao hawakuja kwa mahari. Hakuongeza neno.

Juma lililofuata tuliwaita watoto wote watatu. Tulimwambia yule wa Njombe mbele ya wenzake kwamba alisema kweli na kwamba tulikosea kumnyamazisha. Kisha tukawasimulia habari hii yote, ya Lugalo na ya Yakobi, ya Merere na ya Nigmann, kwa maneno mepesi. Yule wa Kihehe aliuliza kama Mkwawa angekuwa hai angekunywa maji. Hatukuweza kumjibu. Yule wa Usangu aliuliza ng'ombe waliochukuliwa walikuwa wangapi.

Kila mwaka madrasa yetu huwachukua watoto mpaka Kalenga kuliona fuvu la Mtwa. Mwaka huu, inshallah, gari halitarudi pale. Litashika njia ya Mafinga mpaka Makambako, na hapo badala ya kuteremka Igawa kuelekea Mbeya litapinda kwenda Njombe, na babu wa yule mtoto amekubali kutungoja. Wenzetu wa madrasa moja ya Mbeya wameomba kuungana nasi pale njia panda na watoto wao. Wazazi wamekwisha kuarifiwa juu ya nauli, na asiye na nauli alete mahindi.