Filamu za Kutisha na za Vita: Nani Ameketi Karibu na Mtoto?

Mwezi huu tunazungumzia tatizo ambalo ni nadra kufikishwa zahanati, ingawa limo katika nyumba nyingi. Mtoto wa miaka sita, aliyekuwa akilala vizuri, anaanza kushtuka usiku na kulia. Anakataa kwenda chooni peke yake. Anaanza tena kukojoa kitandani. Mama anadhani ni minyoo. Bibi anadhani ni mkono wa jirani. Ukimwuliza mtoto kwa upole, unakuta kwamba jioni ile kaka zake walikuwa wakitazama filamu ya maiti wanaofufuka, naye alikuwa mkekani pamoja nao.

Hatusemi kwamba filamu zote ni mbaya. Baadhi yetu tulilipa kiingilio katika vibanda vya video kumtazama Rambo, tukatoka tukirusha mateke njiani. Lakini tunalotaka kusema ni hili: madhara ya filamu hayapimwi kwa wingi wa damu tu. Yanategemea umri wa mtazamaji, mambo aliyopitia, na mtu aliyeketi karibu naye.

MWILI HAUNGOJI MAELEZO

Tunapoona jambo la kutisha, ubongo hutoa taarifa ya hatari kabla hatujapata nafasi ya kufikiri. Tezi zilizo juu ya figo humimina adrenalini katika damu. Moyo hupiga haraka, misuli hukaza, viganja hutoka jasho. Mtu mzima hujiambia, "Hii ni filamu tu," na moyo hutulia. Wengine huipenda ile nafuu ya mwishoni, ndiyo maana hurudi tena. Mtoto mdogo bado hana breki hiyo.

Joanne Cantor, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, alichunguza hofu hizi kwa miaka mingi. Aligundua kwamba watoto wadogo hutishwa hasa na sura. Katika hadithi ya The Incredible Hulk, mtu mpole hugeuka kuwa jitu la kijani. Jitu hilo huwasaidia watu, lakini watoto wadogo waliliogopa kwa sababu ya umbo lake. Watoto wakubwa hutishwa zaidi na mambo yanayoweza kutokea kweli, kama wezi, utekaji nyara na vita. Mwaka 1999 yeye na Kristen Harrison walitangaza matokeo ya uchunguzi wao kwa wanafunzi wa chuo. Takriban robo yao walikuwa bado na wasiwasi uliotokana na filamu au vipindi vilivyowatisha miaka ya nyuma.

KUIGA NA KUZOEA

Mwaka 1961, Albert Bandura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwaonyesha watoto wa shule ya awali mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa kwa nyundo na mateke. Watoto wengi walifanya vivyo hivyo walipopata nafasi. Mwaka 1963 walirudia jaribio kwa kutumia filamu, na watoto wakaiga pia. Hii haina maana kwamba filamu moja humfanya mtoto kuwa mwuaji. Ina maana kwamba jicho la mtoto ni mwanafunzi, hata pale ambapo hakuna mwalimu.

Kwa upande wa filamu za vita, maoni yetu ni haya. Zipo zinazofanya kuua kuwa mchezo: mtu mmoja anaangusha mia, hakuna anayelia, hakuna mama anayezika. Hizo ndizo humzoesha kijana kuona maumivu ya mwenzake kama si kitu. Nyingine huonyesha vita kama vilivyo. Saving Private Ryan ya mwaka 1998, karibu na mwanzo wake, huonyesha askari wakitua ufukweni Normandy tarehe 6 Juni 1944, nayo inatisha kweli. Lakini mtu mzima hutoka akiwa amechukia vita. Hata hivyo, filamu hiyo iliwarudishia askari wastaafu wa Marekani kumbukumbu chungu, hata idara inayowahudumia ikafungua simu maalumu ya msaada. Basi tukumbuke kwamba katika parokia zetu wapo wazee waliopigana vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na zipo familia zilizokimbia vita Burundi na Kongo. Kwao milio ile si burudani.

TUFANYE NINI?

1. Filamu za wakubwa zisubiri wadogo walale. Tusidhani kwamba mtoto anayecheza sakafuni haoni.

2. Tujue watoto wanatazama nini kwenye simu na katika vibanda vya video.

3. Mtoto mdogo akiogopa, tusimcheke wala kumwambia, "Wewe ni mwoga." Kumweleza kwamba ni uongo hakumsaidii sana. Tumpakate, tumpe maji, tumwachie taa, tukae naye mpaka alale.

4. Mtoto mkubwa kidogo aelezwe jinsi filamu inavyotengenezwa. Damu iliyoonekana katika Psycho ya mwaka 1960 ilikuwa sharubati nzito ya chokoleti!

5. Kijana asikatazwe tu. Baba au mjomba aketi naye, kisha amwulize: "Yule aliyeuawa, nani alimlilia?"

6. Hofu, ndoto mbaya au kukojoa kitandani kukiendelea kwa wiki kadhaa, au mtoto akikataa kwenda shule, tumpeleke kituo cha afya. Mtu mzima anayerudiwa na kumbukumbu za vita naye anahitaji msaada, si aibu.

Mlango wa nyumba tunaufunga usiku ili mgeni asiyejulikana asiingie. Filamu nayo ni mgeni. Kabla hajaketi kati ya watoto wetu, tumwulize kwanza anatoka wapi na amebeba nini.