"Wasiojulikana": jina lililotoka kwenye taarifa ya polisi

Kiswahili hakina neno moja la kumtaja mtu anayeua kwa ajili ya siasa. Lugha kadhaa za Ulaya zinalo, kama assassin la Kiingereza, na zimelitoa katika Kiarabu: hashishiyya, tusi ambalo katika karne ya 12 Waislamu wengine waliwatupia Waismailia wa Kinizari, wenye ngome za Uajemi na Shamu. Waliotumwa kuua viongozi wa upande wa pili waliitwa na wenzao fidai, yaani wanaojitoa mhanga. Hadithi kwamba walileweshwa dawa ilivumishwa Ulaya na wasimuliaji kama Marco Polo; mwanahistoria Farhad Daftary ameichambua na kuiona ni ngano. Hata hivyo, lililobaki ni tusi la wapinzani, kwa kuwa jina la muuaji hutungwa na wengine, mara nyingi kabla ushahidi haujapatikana.

Sisi jina letu tumelipata kwenye taarifa za polisi. "Watu wasiojulikana" ni kauli ya zamani ya magazeti, ila ilishika mizizi wakati wa mfululizo wa mauaji katika wilaya za Kibiti, Mkuranga na Rufiji, kisha baada ya Septemba 7, 2017, siku Tundu Lissu, wakati huo mbunge wa Singida Mashariki, alipomiminiwa risasi nje ya makazi yake Dodoma. Akapona. Tangu hapo neno "watu" limedondoka, na "wasiojulikana" wakawa kama kundi lenye makao na mkuu wake. Hapa sarufi ina uzito. "Hawajajulikana" ina -ja-, kiambishi kinachodai kwamba jambo linasubiriwa. "Wasiojulikana" haina wakati wowote: kutojulikana kunakuwa sifa yao ya kudumu, na anayepaswa kuwatafuta anaondoka kwenye sentensi.

Atasema mtu kwamba polisi hawezi kumtaja asiyethibitika, na kwamba Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inazuia kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla ya hukumu. Ni kweli, na ni kinga ya kuheshimiwa. Lakini "ambao hawajajulikana" inatimiza haja hiyo yote bila kuifunga kazi. Pingamizi la pili ni zito zaidi: wananchi wengi hulitamka neno hili wakimaanisha kwamba wahusika wanajulikana sana. Uchungu wao unaeleweka. Ila dhana iliyogeuzwa jina ndiyo iliyowapata Waismailia, na jamii nzima ikabeba doa kwa karne nyingi.

Singida yenyewe ina mfano wa jina lililozima maswali. Katika miaka ya 1940, vifo vingi vya vijijini vilihesabiwa kuwa kazi ya simba, na simba wala watu walikuwapo kweli. Uchunguzi ulipofanyika, baadhi ya vifo vilionekana kuwa mauaji yaliyofanywa na watu kwa kujificha nyuma ya mnyama huyo, na wapo walioshtakiwa na kuhukumiwa. Hayakuwa mauaji ya kisiasa. Yanahusu hapa kwa sababu ilibidi mtu akatae kwanza kuridhika na jibu "simba". Kwa shambulio la Lissu hakuna aliyehukumiwa, na mwaka 2024 kauli ileile ilirudi kwenye kifo cha Ali Kibao wa chama cha Chadema. Mhariri anayeandika habari hizi leo anaweza kuandika kwamba wahalifu hawajajulikana, kisha ataje ni miaka mingapi imepita.