Kiswahili Neno Moja, Kiingereza Mawili: Maneno Yanayowachanganya Watahiniwa

Soma sentensi hii kama atakavyoisoma msahihishaji wa mtihani wako:

*My father borrowed our neighbour 50,000 shillings.*

Aliyeiandika alitaka kusema kwamba baba yake alimkopesha jirani. Lakini "borrow" ni kukopa, si kukopesha, kwa hiyo msomaji anabaki akijiuliza nani anamdai nani. Katika insha, kosa hili linakupotezea alama. Katika barua ya madai, linaweza kumgeuza mdai kuwa mdaiwa.

Makosa mengi ya aina hii yana chanzo kimoja: unafikiri kwa Kiswahili, kisha unatafuta neno la Kiingereza la kuweka mahali pake. Kufikiri kwa Kiswahili si kosa. Tatizo ni kwamba mipaka ya maneno katika lugha hizi mbili haifanani. Kwa hiyo, kabla ya kuandika, jiulize: hapa Kiswahili kina neno moja au mawili? Tuone kwa mifano ya maisha ya kila siku mjini Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara.

A. Kiswahili kina neno moja

Hapa ndipo penye mtego. Simama, ujiulize swali kabla ya kuchagua.

1. "Borrow" na "lend"

Neno *azima* linatumika pande zote mbili. Tunasema "Asha ameazima kamusi kwa Neema", na pia "Neema amemwazima Asha kamusi". Kiingereza hutenganisha anayepokea na anayetoa:

*Asha borrowed a dictionary from Neema.*
*Neema lent a dictionary to Asha.*
*Neema lent Asha a dictionary.*

Jiulize: mtendaji anapokea au anatoa? Ukisita, weka *kopa* au *kopesha* mahali pa *azima*. Panapokubali *kopa*, andika "borrow". Panapokubali *kopesha*, andika "lend". Kumbuka pia kwamba wakati uliopita wa "lend" ni "lent", si "lended".

2. "Win" na "beat"

Kwa Kiswahili unaishinda timu, na unashinda mechi. Kwa Kiingereza, mtu au timu hutumia "beat". Mechi, kombe, uchaguzi au zawadi hutumia "win".

Si sahihi: *Form Four won Form Three.*
Sahihi: *Form Four beat Form Three.*
Sahihi: *Form Four won the match.*

Jiulize: kinachofuata baada ya kitenzi ni mpinzani au ni ushindi wenyewe? Angalia pia wakati uliopita: "win" huwa "won", lakini "beat" haibadiliki.

3. "Reach" na "arrive"

Yote mawili ni *kufika*. Tofauti iko katika kihusishi. "Reach" hufuatwa moja kwa moja na mahali. "Arrive" huhitaji "in" kwa mji au nchi, na "at" kwa mahali kama stendi au shule.

*The bus from Arusha reached Babati at noon.*
*The bus from Arusha arrived in Babati at noon.*
*It arrived at the bus stand.*

Usiandike "reached to Babati" wala "reached at Babati". Maneno "home", "here" na "there" hayahitaji kihusishi: *We arrived home late.*

4. Viungo vya mwili

*Mkono* ni "arm" kuanzia begani hadi kwenye kifundo, na "hand" kuanzia kifundo hadi vidoleni. *Mguu* ni "leg", lakini sehemu inayokanyaga chini ni "foot". *Kidole* cha mkono ni "finger", cha mguu ni "toe". Ukieleza ajali, neno lako ndilo litakaloonyesha majeraha yako wapi.

B. Kiswahili kina maneno mawili

Hapa Kiswahili ni msaada wako. Kifuate.

1. *Sema* ni "say". *Ambia* ni "tell". Kama vile *ambia* inavyomtaka anayeambiwa, "tell" nayo kwa kawaida hutajiwa mtu.

Si sahihi: *She said me that she was ill.*
Sahihi: *She told me that she was ill.*
Sahihi: *She said that she was ill.*

2. *Leta* ni "bring". *Peleka* ni "take". Ukiwa Babati unamwandikia ndugu aliyeko Magugu, utasema *Bring some rice when you come.* Ukiwa unaondoka na mahindi kwenda kwake, utasema *I will take some maize to Magugu.*

3. *Kumbuka* ni "remember". *Kumbusha* ni "remind".

*Remind me to lock the door.*

4. *Sikia* ni "hear". *Sikiliza* ni "listen to". Usisahau hiyo "to".

5. *Ona* ni "see", lakini *tazama* hugawanyika. Kuelekeza macho kwenye kitu ni "look at". Kufuatilia kwa muda kitu kinachotendeka ni "watch".

*I saw a hippo in Lake Babati.*
*Look at this picture of the lake.*
*We watched the hippos until sunset.*

Zoezi

Chagua neno sahihi, kisha linganisha na majibu.

1. *Can you ____ me your ruler?* — borrow / lend
2. *Our netball team ____ the visitors yesterday.* — won / beat
3. *They ____ Kondoa in the evening.* — reached / arrived
4. *The teacher ____ us to sit down.* — said / told
5. *Please ____ me to return this book.* — remember / remind

Majibu

1. lend: unayemwomba ndiye anayetoa.
2. beat: wageni ni wapinzani.
3. reached: hakuna kihusishi.
4. told: wanaoambiwa wametajwa.
5. remind: ni kukumbusha.

Katika chumba cha mtihani, tenga dakika chache za mwisho kupitia vitenzi vya insha yako. Kila unapokuta mojawapo ya hivi, rudia swali lake. Msahihishaji hawezi kukuuliza ulikusudia nini, atasahihisha ulichoandika.